Taa za Michée, Sura ya Kambo Kapya

Chilufya wa Kasungami ni jirani yangu, mpiga picha, na mbishi kupita kiasi. Mimi Annie napamba kumbi za ndoa, kwa hiyo Jumamosi tunatoka pamoja: mimi na vitambaa vyangu, yeye na Nikon yake ya mitumba iliyofungwa kamba kama mbuzi wa sokoni. Ukimwambia anunue nyingine, jiandae. Atakuhubiria mpaka masikio yachoke.

Hapa kwetu ndoa ina wapiga picha wawili. Familia ya bibi arusi inakuja na wake, familia ya bwana na wake, halafu wanasukumana viwiko mbele ya keki. Msiniulize kwa nini. Kwenye ndoa ya Julienne, Chilufya alikuwa upande wa bibi arusi. Upande wa bwana akaja Michée, kijana maridadi mwenye Canon na flash mbili juu ya miguu ya chuma. Walisalimiana shingo upande.

Lakini siku hiyo Chilufya hakuwa na habari na Michée. Alikuwa na ahadi. Kambo Kapya, nyanya wa Julienne (sisi nyanya tunamwita kambo), alikuwa ametoka Kilwa yetu ya ziwani, si ile ya pwani, kwa ile barabara inayovunja mgongo hata wa lori, na alipofika tu alimshika Chilufya mkono.

"Mutoto, mu photo yote ya jamaa, miye niko kivuli. Bengine banaonekana sura, miye kitambaa ya kichwa tu. Leo nipe sura yangu. Hii njia siwezi kuirudia."

"Ntakupa, Kambo. Kweli ya Mungu."

Sasa ona. Muda mfupi kabla Kambo hajaingia kucheza na mjukuu wake, watoto wanakimbizana, pa! Flash ya Chilufya iko chini, kioo vipande vipande. Na ukumbi ulikuwa giza, maana taa zangu za zambarau ni nzuri kwa macho, si kwa picha. Julienne ndiye aliyezitaka, msinitazame mimi. Chilufya akakaa juu ya kreti la bia, machozi yakamtoka.

Nilikasirika. Nikamwendea Michée.

"Weye! Uko na flash mbili, mwenzako analia, na unakula beignet?"

"Mama Annie, ningemupa. Lakini flash yangu inaitwa na radio, na inasikia luga ya Canon tu. Nikon ikiita, haiitike."

Chilufya akainua kichwa, akapangusa pua.

"Luga ni ya kupanga nguvu ya mwanga," akasema. "Tutapanga na mukono."

Akamwaga mkoba wake chini. Zikatoka déclencheur zake kuukuu, vile vidude vya kuamsha flash kwa mbali. Ghali havikuwa, na kila kimoja kilikuwa na pini moja tu ya chuma, katikati.

"Hii haijue luga ya muntu," akasema. "Inajua neno moja: waka!"

Wakaweka kimoja chini ya kila flash ya Michée, kimoja juu ya Nikon, kimoja juu ya Canon, vyote kwenye canal moja, yaani masafa yale yale ya redio. Wakajaribu. Waa! Nikapiga kigelegele peke yangu kama mwendawazimu.

Furaha haikudumu. Wote wawili wakabonyeza pamoja: mmoja akapata mwanga, mwenzake giza, kwa sababu flash ikishawaka lazima ipumue kidogo. "Uliniibia!" "Weye njo uliniibia!" Basi wakapatana: anayetaka kupiga aseme kwanza "Yangu!", mwenzake angoje.

Wazo zuri, ila hawakumwambia mtu. Michée akamwelekea bibi arusi, akapaza sauti: "Yangu!" Chilufya naye, kutoka upande wa pili: "Hapana, yangu!" Mjomba wa bwana arusi akasimama, akavua koti.

"Yako namna gani? Bibi ya batu huyu!"

Mbavu zetu! Ilibidi nichukue maikrofoni nieleze. Tangu hapo ukumbi mzima ukawa unaimba nao, "Yangu! Yako!", hata mjomba, tena yeye ndiye aliyepiga kelele kuliko wote.

Kambo Kapya akaingia, mikono juu, akicheza taratibu kuelekea kwa Julienne. Zamu ilikuwa ya Michée. Alikuwa ameshaweka jicho. Akaishusha Canon yake.

"Yako, yaya," akamwambia Chilufya, kama mtu na mkubwa wake wa kuzaliwa.

"Yakooo!" ukumbi ukaitika. Flash zote mbili zikawaka.

Chilufya akapiga magoti, akamwonyesha Kambo kioo cha nyuma cha kamera. Nilikuwa karibu, niliona: kila kunyanzi, kila jino lililobaki, macho yanang'aa. Kambo akatazama. Mkono ukaenda mdomoni.

"Mama," akakiambia kile kioo, polepole, kama aliyeona humo sura ya marehemu mama yake. "Mama, ulifika saa ngapi?"

Kisha akacheka, akageuka kumtafuta mjukuu wake.

"Julienne! Kuya, mutoto. Kuya usalimie kambo yako."