Nyati wa Mikumi Alivyochoma Kijiji Changu

Vumbi likiungua lina harufu yake. Juzi fundi wa jirani aliwasha televisheni ya chogo iliyolala stoo miaka, na harufu ile ikanirudisha moja kwa moja Kilosa, kwenye intaneti kafe ya Kaka Beda: kompyuta nne zenye vichogo kama vya wajomba zangu, na feni iliyokuwa inahamisha joto kutoka kona hii kwenda ile.

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, na msicheke, nilikuwa mtawala. Hesabu za shule zilinishinda mpaka baadaye nikaishia kidato cha pili, lakini kwenye gemu moja ya mtandaoni nilikuwa na kijiji chenye ukuta, maghala na askari wa mikuki. Ukurasa mmoja ukifunguka, umeshamaliza kipande kizima cha muhogo.

Tulicheza na watu wa dunia nzima, na umri wa mtu haukuonekana. Sasa mimi, mtoto wa Mabwerebwere, hapo hapo Kilosa, niliyefinywa masikio kwa kupita watu wazima bila salamu, ningefanyaje? Nilimwamkia kila mtu. Kabla sijavamia kijiji cha mtu, namwandikia: "Shikamoo." Mmoja wa nchi sijui gani alinijibu kwa alama kumi za kuuliza, akahamisha jeshi lake lote.

Wavulana walicheka mpaka wakashika meza. Idrisa wa kidato cha tatu alikuwa anaitolea macho mashine yangu, namba mbili, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na kasi.

"We Zuhura, hii vita, unaamkia watu kama uko msibani! Kijiji chako kikichomwa, mashine unaniachia, unaenda kupepeta mchele."

"Kikifika Jumapili hakijachomwa?"

"Nakuamkia mimi, mbele ya watu."

Jumamosi mchana ukatokea ujumbe mwekundu: jeshi la Nyati wa Mikumi linakuja, litafika baada ya nusu saa. Basi la Mikumi lenyewe halijawahi kufika Kilosa kwa nusu saa. Nikaandika kama kawaida yangu, shikamoo.

"Marahaba," likaja jibu. "Kumbe mtoto wa hapa hapa? Mimi mzee, nina wajukuu, nalinda gesti huku Mikumi. Basi narudisha jeshi. Mtoto aliyeniamkia simchomei nyumba."

"Umepona!" Kaka Beda akapiga makofi. Idrisa alikuwa amenuna kama aliyemeza kwinini.

Nilitakiwa nifurahi. Badala yake nikaivuta kibodi karibu. Ukuta ule niliujenga miezi minne, halafu nipone kwa kuhurumiwa? Vidole vikaandika kabla sijaviruhusu: "Babu, shikamoo ni yako. Kijiji ni changu. Piga."

"Huyu mtoto ana wazimu," Beda akasema.

Mzee akajibu neno moja: "Haya."

Akaja. Picha ya moto ikafunguka polepole kutoka juu, mstari kwa mstari: ukuta, maghala, mpaka banda la kuku. Nililia, kamasi zikadondokea kibodi ya watu.

Idrisa akagonga kiti changu. "Haya, toka."

"Sitoki. Mimi nimepigwa na Mikumi. Wewe umempiga nani?"

"Si tulikubaliana!"

"Nenda kanishitaki."

Nikabonyeza kuanza upya. Nikapewa kibanda kimoja na askari mmoja aliyesimama kama mimi kwenye kipindi cha hesabu.

Wako wanaosema tulipoteza utoto kwenye mashine zile. Waseme. Mimi nilimchukia yule mzee kwa miaka. Nilijiuliza kwa nini hakuleta nusu tu ya jeshi, nipate pa kujibanza. Mpaka nilipokuwa mtu mzima, nikaanza kuonewa huruma makazini na vikaoni, kwa cheti nisichonacho na gauni nililovaa, ndipo nikamwelewa. Wengine wote waliniachia kidogo. Yeye aliambiwa na mtoto wa Kilosa apige, akamwamini, akaleta jeshi lake lote.