Mume Wangu Alikata Meno ya Boti ya Baba

Admin, naomba unifichie jina, maana mume wangu naye anasoma humu.

Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Kanyenye, Tabora. Nachora milango na vitanda kwenye kompyuta, katika karakana yenye mashine ya CNC, ile inayokata mbao yenyewe kwa kufuata mchoro. Mume wangu ni seremala wa msumeno na randa, anajulikana mtaani.

Baba yangu anafuga nyuki Sikonge. Mizinga yake iko ng'ambo ya mto, na mvua zilizopita mtumbwi wake ulipasuka katikati ya maji. Hajui kuogelea. Alining'inia kwenye tawi mpaka watu wakamtoa. Niliposikia nikasema nitamtengenezea boti ya plaiwudi kwa mikono yangu.

Plaiwudi moja ina futi nane, mimi nilitaka boti ya futi kumi na tano, kwa hiyo ilibidi kuunga mbili. Bosi akaniruhusu mashine siku za Jumapili. Nikachora meno kwenye ncha za mbao, ziingiane kama vidole vya mikono miwili, halafu gundi. Mara ya kwanza yakagoma kuingia, mara ya pili yakacheza. Ya tatu yakakaa sawasawa, jamani nililia peke yangu pale karakanani.

Nikazipeleka mbao nyumbani, bado gundi tu, nikaenda Tura kwenye msiba wa shangazi. Kurudi, boti imesimama uani! Mume wangu kakata meno yote, kaunganisha mbao ncha kwa ncha, kapigilia kipande cha ubao kwa ndani.

"Nimekumalizia. Hayo ya kompyuta ni michezo, mbao inataka misumari."

"Si ungenisubiri?"

"Nikusubiri ili watu waseme fundi humu ndani ni wewe?"

Tuliijaribu bwawani. Nilipokaa tu katikati, maungio yakaachia, maji yakaingia. Eti ataziba kwa lami! Na kabla sijasema neno kampigia baba: "Shikamoo baba, boti nimekutengenezea, Jumamosi naileta." Baba alimshukuru na kumwombea baraka.

Nimembembeleza, nimemwita kaka yake aongee naye, ananijibu namdharau. Nikimwambia baba, namwaibisha mume wangu ukweni. Nikinyamaza, baba atapanda, maana anamwamini mkwewe kuliko mtu yeyote.

Leo asubuhi alipoondoka nilishika nyundo niivunje boti. Nikaiweka nyundo chini, nikaja kuwaandikia.

Ndugu zangu, leo ni Alhamisi. Nivunje boti au nivunje ndoa? Niambieni, nifanye nini?