Kicheko cha Spika ya Nyuma

Fundi saa hakuwa mtu wa makuu, ila kwenye filamu alikuwa hashikiki. Sebule yake ilizungukwa na spika pande zote, na diski zake zilijaa kabati. Alinunua zile ghali tu, zilizoachiwa picha na sauti zake karibu zote bila kupunguzwa. "Za mtandaoni zimekamuliwa," aliwatania majirani. "Nyinyi mnakunywa maji ya kusuuzia chungu."

Diski moja ndiyo ilikuwa roho yake. Marehemu mkewe, enzi za usichana, aliombwa apite kwenye kundi la watu filamu hiyo ikirekodiwa. Uso wake hauonekani. Sauti ndiyo ipo: anacheka kidogo, kisha anakohoa. Fundi aliiweka spika ya nyuma kwenye mlango wa jikoni, kicheko kitokee pale pale mkewe alipozoea kusimama.

Jumamosi moja asubuhi binti yake alikuja na maboksi. Moyo ulikuwa unamsumbua mzee, na walishakubaliana ahamie kwake.

"Baba, haya maspika tunauza. Kwangu hakuna nafasi. Filamu yenyewe si hii hapa kwenye simu?"

Akaicheza. Watu walipita, magari yakapita. Kicheko hakikuwemo.

"Umemsikia mama yako?"

"Mama yupi tena, Baba? Ushaanza!"

"Kaa kwenye kiti changu. Tulia."

Alishika diski kwa ukingo, akaifuta kutoka katikati kwenda nje, akaitia kwenye deki. Binti alikaa kishingo upande, akitafuna bigijii. Ghafla, nyuma yake, mama yake alicheka. Akakohoa.

"Abee, mama!"

Alishasimama, alishageuka, kabla hajajua anafanya nini. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akakaa sakafuni.

Fundi alifurahi kama mtoto. "Si unaona? Sasa kule kwako tukiiweka spika karibu na..."

"Hapana, Baba. Wewe njoo. Yeye asije. Nina watoto wadogo mle ndani."

Fundi alimtazama mwanawe, akautazama mlango.

"Basi beba maboksi yako, mwanangu," alisema taratibu. "Siwezi kumwacha peke yake."

Binti alibeba maboksi yake. Gari lake lilikuwa uani, na njia ya karibu ya kufika uani ni kupitia jikoni. Alitokea mlango wa mbele, akaizunguka nyumba nzima.