Ndege ya Saa Nne, Kutoka Karatu hadi Arash

Nilifunga safari ya Arash kumchukua binti yangu Anna aje kujifungulia nyumbani Karatu. Mimba yake ya kwanza ilitoka akiwa huko kwa wakwe zake Wamaasai, na hii ya pili ilikuwa na miezi minane. Nilitandika kitanda, nikafunika cherehani, nikawaaga majirani kwamba tutarudi wawili.

Lakini nianze na meza yangu ya kukatia nguo, maana ndiyo iliyoniponza. Kibanda changu cha ushonaji kinatazama anga, na ndege ndogo za watalii hupita juu ya mji kutwa zikielekea Serengeti. Kila inayopita naichorea mstari wa chaki pembeni mwa meza. Wateja hunitania kwamba Mama Anna anasubiri mchumba kutoka angani. Wacha wacheke, mistari ikifika kumi na mbili nafunga kazi na furaha ambayo mwenyewe sijui imetoka wapi. Ninayoipenda kuliko zote ni ya saa nne asubuhi, nyeupe, yenye michirizi myekundu ubavuni na mlio wa kukohoakohoa. Jumatatu, siku moja kabla ya safari, haikupita, nikaondoka roho ikiwa juujuu.

Jumanne alfajiri nilipanda Landkruza ya rafiki wa mkwe wangu Lemayian. Ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro ukungu ulikuwa umefunika kila kitu, na wageni walikuwa wanaupiga picha huohuo ukungu. Baada ya Olduvai ni vumbi. Piyaya tulisimama kupoza injini, dereva akaninyooshea kidole njia iliyobaki. Mimi niliona nyasi tu.

Saa kumi jioni tukafika Arash. Mama mzaa Lemayian, ambaye boma zima linamwita Yeyo, alinipa chai ya maziwa matupu. Anna alinisalimia "aayo", kama tunavyomwita mama kwa Kiiraqw, na machozi yakanitoka.

Jua likielekea kuzama, ng'ombe wakarudi. Nilisikia raha ileile ya kibandani kwangu, na mkono ukainuka wenyewe. "Mmoja, wawili, watatu..." Niliwanyooshea kidole mmoja mmoja, kwa sauti. Nilipofika kumi na tisa nikagundua ni mimi peke yangu ninayeongea. Yeyo aliweka kikombe chini akaingia ndani. Nilidhani tumbo limemkata.

"Aayo, umehesabu," Anna akasema taratibu.

"Si ni ng'ombe tu?"

"Huku hawahesabiwi. Wala watoto. Wanasema ni kuwaitia balaa."

"Na wewe mwanangu unaamini hayo?"

"Ile mimba ya kwanza ulikuwa unanihesabia siku kwenye simu. Hata hii unanihesabia."

Hakusema kwa ubaya, ndiyo maana iliniuma zaidi. Nilitaka kukasirika, nikataka kuomba radhi, nikashindwa vyote.

Asubuhi nilimfuata Yeyo alikokuwa anakamua. Nikamwomba msamaha, lakini swali halikunitoka: bila kuhesabu, atajuaje kama ng'ombe wote wamerudi?

"Namwona ambaye hayupo," akasema, akaendelea kukamua.

Nilizunguka na jibu hilo asubuhi nzima bila kulielewa. Kama saa nne na nusu hivi, tukiwa tumekaa nje, nikasikia kikohozi. Niliijua kabla sijainua kichwa. Yeyo naye aliangalia juu.

"Keri," akasema. Ndivyo wanavyomwita ng'ombe mwenye michirizi. "Juzi haikupita."

Nilishtuka. "Unaijua?"

"Anna ndiye aliyenionyesha. Kila siku anatoka kuitazama. Anasema imetoka kwa mama yake."

Nilimgeukia Anna. Alikuwa ameegemea ukuta, mkono tumboni, anaisindikiza kwa macho. Maneno niliyoyapanga toka Karatu yakapotea. Nikauliza tu, "Utakuja?"

"Hapana, aayo. Zahanati ipo karibu, na Yeyo yupo. Nataka kuzalia kwangu."

Ijumaa nilirudi peke yangu na kibuyu cha maziwa. Safari hii ukungu haukuwepo na kreta yote ilikuwa wazi, lakini ukiniuliza niliona nini, sijui. Nilikwenda kuchukua mtu nikarudi bila yeye, na sikujihisi nimenyang'anywa. Nilichojifunza bado kinanichanganya. Mimi ni mtu wa kanisani, siamini kwamba kidole kinaweza kumdhuru ng'ombe. Ila nilipofungua kibanda, kabla ya kugusa cherehani, nilichukua kitambaa chenye maji nikaifuta mistari yote mezani. Na kwenye simu nikawa namuuliza Anna amekula nini.

Wiki kadhaa baadaye Lemayian akapiga. "Mama, Anna amejifungua salama." Nilitoka nje na chaki mkononi. Ndege ya saa nne ilikuwa inapita, nikaisindikiza mpaka ikapotea. Jirani yangu alikuja kuchukua gauni lake akanikuta nalia, nikamwambia habari.

"Hongera, bibi. Ukijumlisha na wa kaka zake Anna, sasa una wajukuu wangapi?"

Nilifungua mdomo, kisha nikaiweka chaki mfukoni.

"Wapo," nikamjibu.