Salamu za Iya Rasidi Zaishia Kwenye Taka

Jua halijapanda sawasawa, na Iya Rasidi tayari ametumbukiza mikono kwenye pipa la nili, rangi yake ya buluu. Anainua kitambaa, anakikamua, anakianika, kisha anauliza swali lile lile analouliza tangu Jumatatu.

"Bolatito, amejibu?"

"Bado, mama mkubwa."

Ni Jumatano hapa Itoku, mtaa wa watia rangi vitambaa mjini Abeokuta. Vitambaa arobaini vimekunjwa mlangoni, vimechorwa kwa unyoya wa kuku na uji wa muhogo unaozuia rangi isiingie, na kila kimoja kina jina la nyumba ya wageni ya Freetown katikati. Nani mwingine atavinunua? Hakuna.

Mwenye oda, Bi Oredola Cole, alimwambia Iya Rasidi walipoagana kwenye maonyesho ya biashara: "Vikiwa tayari niandikie barua pepe. Nisiposikia kitu hadi Ijumaa, nachukua vya kiwandani." Simu yake haipatikani. Iya Rasidi ameshamwandikia mara tatu.

Mjane huyu wa miaka 58 amelea watoto wanne kwa nili, na akiba yake yote imeingia kwenye oda hii. "Usingizi umenihama," anasema.

Bolatito, binti wa mdogo wake, ndiye anayemwandikia barua. Leo ameanza kushuku kitu. Anafungua kompyuta, anaingia kwenye folda yao ya barua taka na kumwita mama yake mkubwa aje aone.

"Taka ni barua ambayo hukuiomba, inarushwa kwa maelfu ya watu kwa mpigo," anaeleza. "Hii inauza dawa ya kupunguza tumbo. Tangazo tu, inakera lakini haiumi. Hii inajifanya benki, inataka nywila yako. Hii imebeba faili, ukilifungua tu virusi vinaingia. Na hapa umeshinda bahati nasibu."

"Mimi? Sijacheza!"

"Ndiyo hivyo. Sasa msikie huyu tajiri anayegawa urithi: 'MPENDWA WANGU KATIKA MUNGU, nakusalimu wewe na nyumba yako yote, Mwenyezi akuzidishie...'"

Iya Rasidi anaisogelea kompyuta. Hayo ni karibu maneno yake mwenyewe kwa Bi Cole, tena aliagiza yaandikwe kwa herufi kubwa, maana aliona herufi ndogo ni kumdharau mteja.

"Kwa hiyo mimi tapeli?"

"Kompyuta haikujui sura, mama. Inasoma maneno tu, yakifanana na ya matapeli inaitupa barua takani. Huenda barua zako zimelala kwenye taka za Bi Cole. Tuandike: vitambaa viko tayari. Basi."

"Toba! Niingie kwa mtu bila hodi? Sijamuuliza mama yake, sijamuuliza kazi, naanza na vitambaa? Kwetu asiyesalimu huambiwa hakulelewa!"

Mimi ninayesimulia namwelewa. Nimekulia mitaa hii, na hapa usiposalimu hata pilipili huuziwi.

Wanabishana mpaka bajia za kunde za kifungua kinywa chao zinapoa. Mwishowe Iya Rasidi anageukia ukuta. "Andika utakavyo. Mimi sitaki kuiona hiyo aibu."

Barua inaondoka: "Vitambaa vyako arobaini viko tayari. Iya Rasidi, Abeokuta."

Alhamisi yote kimya. Ijumaa, Iya Rasidi anarudi kutoka msikitini na kukaa karibu na vitambaa vyake, hana hamu ya kazi. Anajilaumu kwamba barua ile kavu ndiyo iliyomharibia kabisa. Ndipo Bolatito anapopiga kelele ndani.

"Amejibu! Nasoma: 'Iya Rasidi, nilidhani umenisahau. Navichukua vyote. Lakini nimekukosea nini, dada yangu? Mbona umeniandikia kama tuliogombana, hata salamu hakuna?'"

"Si nilikwambia!" Iya Rasidi anacheka huku machozi yanamtoka. "Si nilikwambia, wewe mtoto?"

Bolatito ameshamwomba Bi Cole aiweke anwani yao kati ya watu anaowajua, barua zisipotee tena. Iya Rasidi hana imani sana na mpango huo. Yeye anataka kuusafirisha mzigo mwenyewe mpaka Freetown.

"Nitaanzia mlangoni kwake," anasema, "nimsalimie mpaka nimalize. Nione kompyuta gani itanizuia."