Mkunazi Usiokuwamo Kwenye Ramani

Ramani ya nyumba yetu ilikuwa na miti kumi na miwili. Niliihesabu mwenyewe, mtoto mchanga begani, mhandisi akinitazama kama mtu anayesubiri kusifiwa. Viduara vya kijani, vimepangwa kama vitumbua kwenye sinia. Kiwanja chetu cha Ansab kilikuwa na mti mmoja tu, mkunazi mkubwa ulioota ubavuni mwa kilima kabla ya sisi sote kuzaliwa, na huo kwenye ramani haukuwamo.

"Na mkunazi?" nikauliza.

"Huo unaondoka," akasema mhandisi kwa Kiarabu, lugha ya nchi hii, kwa upole. Kijana wa rika langu, kanzu yake haina hata chembe ya vumbi. "Pale wataegesha magari wageni wa majlisi. Lakini usijali, nyumba hii imebuniwa kupatana na mazingira."

Nikamuuliza mazingira yepi. Mume wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Mimi nimesoma mpaka darasa la kumi na mbili, nikaolewa. Ujenzi sikusomea. Lakini nimekulia katika fleti mjini, kule Hail, na joto likianza tulikuwa tunacheza ukumbini mbele ya lifti, kwa sababu nje ungeungua nyayo. Nilijiapiza wanangu watakuwa na nje. Na binti yangu wa miaka minne, tangu tupate kiwanja, alishaufanya ule mkunazi nyumba yake: mzizi huu jikoni, mzizi ule chumba cha kulala. Katapila lilikuwa lije Jumapili.

Nyumbani tulizozana siku tatu.

"Unataka ami zangu waegeshe wapi," mume wangu akasema, "juu ya mti?"

"Wakikaa juu watapata upepo."

Mama mkwe wangu alikuwa anachambua mchele. Ni mzaliwa wa Unguja, na mpaka leo nywele zake anaziosha kwa majani ya mkunazi. Akaweka ungo chini. "Mie nna neno moja tu. Mkiukata, siku n'kifa mtanikosha kwa majani ya wapi? Ya supamaketi?"

"Mama, Mungu akupe umri."

"Kashanipa. Mie nnaulizia majani."

Mume wangu hakusogea hata kidole. Kwao wana desturi: kabla ya kuchimba msingi, wakubwa wa ukoo huja kiwanjani kuomba dua, wakanywa kahawa na kula halwa. Basi Ijumaa hiyo, kwa fahari yake, akamwaga chokaa ardhini kuwachorea ami zake majlisi nzima, ile sebule ya wageni: mlango hapa, ukuta wa kioo pale, unaotazama magharibi. Mikeka akaitandika ndani ya mistari ili wakae humo waione mandhari. Mwezi wa Mei, alasiri. Ile mandhari ilikuwa jua tupu, linawapiga usoni.

Mimi nilipewa kazi ya kahawa na halwa. Dele la kahawa na sahani nikaviweka chini ya mkunazi. Sitasema sikukusudia.

Ami mkubwa akateremka garini na bakora yake. Akaitazama mikeka juani, akaitazama halwa kivulini, akaenda kwenye halwa. Akaketi juu ya mzizi, chumbani kwa binti yangu, na binti yangu, ambaye hamwachii mtu kitu, akamsogezea mto.

Sasa, kwa watu wetu, alipokaa mkubwa ndipo palipo mbele ya majlisi. Haambiwi asogee. Wengine ndio hujipanga kumfuata. Basi wale wazee sita waliobaki wakaibeba mikeka yao, wakapita katikati ya ukuta wa kioo bila kuuona, wakakaa kivulini kwa kufuatana umri. Mume wangu akabaki peke yake ndani ya chokaa.

"Mwanangu, mbona umesimama juani?" Ami akamwita. "Tafadhal, njoo ukae."

"Ami, majlisi ni hapa."

"Wapi?"

"Hapa, ndani ya mistari."

Ami akaikazia macho ile mistari. "Sisi tushakaa." Akanywa, akatikisa kikombe kuonyesha kinatosha. "Hapa nnapata upepo wa bondeni. Nani alopachagua?"

Mama mkwe wangu akajibu kutoka nyuma, tulikokaa mimi na yeye: "Mkwe wangu."

"Mashallah. Na kule kwenye chokaa?"

"Mwanangu."

Ami akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Kisha akanyanyua mikono, akapaombea baraka mahali pale, akiutaja mti na kivuli chake, na wote wakaitikia amina, mume wangu naye. Ukishaitikia amina utaliletaje katapila? Mume wangu alimpigia dereva wa katapila simu asije, hata sijamfunga mtoto mkanda garini.

Nilidhani mhandisi atanuna. Alikuja, akavua viatu, akakaa juu ya mzizi saa nzima na penseli. Ramani mpya ina mti mmoja. Majlisi imejikunja kuuzunguka kama mkono, kuta nene za mawe ya kilima chenyewe, upande wa magharibi tundu dogo tu la dirisha. Maji ya viyoyozi na ya kutawadhia yanapita kwenye kijifereji mpaka mizizini. Magari yanakaa barabarani juani. Hayana ngozi.

Leo ami saba wanakuja kila Ijumaa, kunazi zinawadondokea kofiani, na mimi ndiye ninayefagia, kwa hiyo hasira sijakosa. Mume wangu huwaambia wageni kwamba wazo lilikuwa lake. Nikipita na dele, mimi huwaonyesha jiwe moja la baraza, lililookotwa kule alikochora, ambalo bado lina mstari mweupe.

"Muulizeni," huwaambia, "chokaa alimwaga wapi."