Kidimbwi Nyuma ya Matete

Phanice alitaka kitu kimoja tu: maji yapande kilima cha Ndalu kabla tumbo la dada yake Fridah halijawa kubwa. Fridah alikuwa amepoteza mimba mbili, na daktari wa Bungoma alimkataza kubeba mtungi.

Mwaka huo, 2008, Phanice alikuwa akisanifu pampu katika karakana moja ya Kibomet, Kitale. Kabla pampu ya kijiji haijachongwa, aliijaribu kwanza kwenye kompyuta: akachora mapanga yanayosukuma maji, akaieleza mashine maji yataingia kwa kasi gani, na ni maji ya aina gani. Hapo aliweka maji safi. Kompyuta ile kuukuu ikahema wikendi nzima, kisha ikaonyesha mkondo uliotulia. Akafurahi mno.

Mahali pa kutumbukiza bomba palikuwa pamechaguliwa na Mzee Wanyonyi na kamati yake ya maji: kidimbwi chenye kina, nyuma ya matete. Kabla ya kuchora, Phanice alikuwa ameuliza kama maji huchafuka.

"Hapo ni safi, msichana yetu. Wewe chora tu."

Safi! Sisi wanawake wa Ndalu tulijua vijana wa tohara hupakwa matope ya mtoni. Yanachimbwa wapi, hatuambiwi. Wanaume wote walijua ni pale pale, na wote wakanyamaza. Hasira hunipanda hata leo.

Juni na Julai maji yalipanda. Agosti ikaja na nyimbo na njuga za tohara. Kidimbwi kikachimbwa kila alfajiri, tope na mchanga vikavutwa na bomba, mapanga yakalika. Mfereji wa kijiji ukakauka. Fridah, mumewe akiwa kazini mbali, akachukua mtungi akashuka mtoni bila kutuambia. Aliteleza akipanda.

Mtoto tulimzika nyuma ya jikoni. Hakuwa na jina.

Wanyonyi alikuja jioni, kofia mkononi, akamkuta Phanice uani na pampu aliyoifungua.

"Pole, mama. Lakini tungekuambia namna gani? Si unajua hapo si mahali ya wanawake."

Phanice alichomoa panga moja lililoliwa likabaki jembamba, akamwekea kiganjani. Kisha akaenda kufungua mlango wa chumba alimolala dada yake.

"Ingia, mzee. Mwambie yeye hivyo."

Wanyonyi alisimama pale uani hadi giza likaingia. Hakuingia.